Nyumba ya Pili Haimo Daftarini

Wasifu uliosomwa siku tulipomzika guka, babu yangu, ulikuwa na tarehe moja tu ya uhakika, ile ya kufa kwake. Ya kuzaliwa iliandikwa "1938 hivi", na mahali alipozaliwa pakaandikwa "Molo au Olenguruone". Jina la baba yake lilitajwa pamoja na la babu yake. La mama yake lilitajwa moja tu, bila baba, bila ukoo, bila kijiji. Watu walipokwisha kutawanyika, shangazi yangu mkubwa aliniita nyuma ya nyumba. Yeye ndiye binti wa kwanza wa guka, na kwa desturi yetu Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la shosho yake, nyanya mzaa baba. "Ninaitwa jina la mtu nisiyemjua," akaniambia. "Wewe ndiye umekaa na vitabu. Nitafutie huyu shosho alikuwa wa nani."

Nilianza na kanisa, kwa sababu kwa watu wa umri wa guka hakuna pengi pa kuanzia. Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilitungwa Kenya mwaka 1928, lakini Mwafrika hakulazimika kuifuata. Baada ya uhuru ndipo ilipoenezwa wilaya moja baada ya nyingine, ikakamilika nchi nzima mwaka 1971. Kabla ya hapo, familia ya skwota iliyoishi kwenye shamba la mzungu iliweza kuacha alama kwenye karatasi za aina tatu: kipande (kitambulisho cha kazi) cha baba, daftari la kazi la tajiri, na daftari la ubatizo. Vipande vilipoondolewa mwaka 1947 hakuna aliyevililia wala kuvitunza. Madaftari ya kazi waliondoka nayo Wazungu, au waliyachoma. Likabaki la ubatizo.

Daftari la namna hiyo nilikuwa nimewahi kuliona mbali sana na Molo. Nilipokuwa nikisoma Uingereza, mwanafunzi mwenzangu alinipeleka Chester, kwenye ofisi iliyotunza kumbukumbu za Cheshire, akafuatilie ukoo wa mama yake. Walikuwa vibarua wa mashambani, watu wasio na ardhi wala cheo, na hata hivyo aliwafuata kutoka mjukuu hadi babu, na babu wa babu, mpaka katika karne ya 17. Nilikaa kando yake nikimwonea wivu. Aliyemwezesha alikuwa Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, ambaye mwaka 1538 aliamuru kila parishi iwe na daftari na sanduku lenye kufuli mbili la kulitunzia, na kila wiki kasisi aandike, mbele ya wazee wa kanisa, nani amebatizwa, nani ameoa na nani amezikwa. Miaka 60 baadaye, 1598, kukatoka amri kwamba nakala ya kila mwaka ipelekwe kwa askofu, hivi kwamba daftari likiungua kijijini, nakala iko mjini. Kisha mwaka 1812 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya fomu iliyopigwa chapa. Kuanzia 1813 kila ubatizo uliandikwa katika safu zile zile: tarehe, jina la mtoto, majina ya wazazi, makao yao, kazi ya baba, jina la kasisi. Kibarua wa Cheshire, awe hajui kusoma hata herufi moja, aliingia humo sawasawa na bwana mwenye shamba.

Na bwana mwenye shamba mmoja wa Cheshire ninamfahamu, kwa kuwa gari la Molo hupita katika ardhi iliyokuwa yake. Ukitoka Nakuru ukakunja kushoto kuelekea Njoro, unaingia kwenye nchi ambayo Hugh Cholmondeley, yaani Lord Delamere wa tatu, alikodishwa na serikali ya kikoloni mwaka 1903, ekari 100,000. Kwao kulikuwa Vale Royal, Cheshire. Ukoo wake umeandikwa kwa vizazi na vizazi, katika vitabu vya kanisa na katika vitabu vya wakuu wa Uingereza. Sikuwa na ugomvi naye asubuhi ile. Nilichokuwa nikifikiri, nikiangalia mashamba ya ngano na shayiri yakipita dirishani, ni kwamba Mwingereza alipokuja huku alileta ng'ombe, kondoo, ngano na sheria zake, na kati ya yote aliyoleta, kitu nilichokuwa nikikihitaji mimi ni ile fomu.

Baada ya Elburgon baridi inaingia hata kwenye matatu iliyojaa. Miti ya mierezi inaanza kuonekana, na nguzo za ua zilizopasuliwa kutoka miti hiyo hiyo, za rangi ya majivu, nyingine zimesimama tangu enzi za walowezi. Molo ni mji wa viazi, kondoo na pareto, na reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 inaupita ikipanda Mau. Nilishuka karibu na stesheni nikaulizia kanisa.

Silitaji kanisa lenyewe, maana lililonikuta humo linakuta makanisa mengi. Karani wa parishi, mama mpole mwenye sweta mbili, alinifungulia chumba cha mavazi, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya meza ya zamani. Ndani mlikuwa na madaftari manene yenye jalada la kitambaa. Moja lilikuwa limeliwa na mchwa upande mmoja hadi katikati ya kurasa. Jingine lilikuwa limeingia maji, kurasa zimeshikana, na karani alinionya nisizitenganishe kwa nguvu. La tatu lilikuwa zima. Alipolifungua nilizitambua safu kabla sijasoma neno. Ilikuwa fomu ile ile ya 1813, yenye safu ya makao na safu ya kazi ya baba, imepigwa chapa kwa Kiingereza, imejazwa kwa kalamu ya wino na mkono wa mtu aliyekuwa akiandika kwa uangalifu mkubwa.

Safu ya makao ndiyo iliyonishika. Kwa Cheshire humo huandikwa kijiji. Humu, ukurasa baada ya ukurasa, waliandika jina la mzungu. Mtoto fulani, baba fulani, mama fulani. Makao: kwa Bwana Fulani. Kazi ya baba: "squatter", "squatter", "herd", "squatter", "cook". Sheria ya 1918 iliwafanya skwota kuwa wafanyakazi waliopewa ruhusa ya kulima na kufuga ili mradi wamfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Hawakuwa wapangaji, sembuse wenye ardhi. Kasisi aliandika ukweli kama ulivyokuwa. Watu hawa hawakuwa na mahali pao, walikuwa na mtu wao. Mtu huyo akiuza shamba, au akiamua ng'ombe wa skwota wamezidi, makao yanafutika.

Tulifungua pole pole kuanzia miaka ya ishirini. Karani alikuwa na kidole chepesi kuliko changu, na yeye ndiye aliyemwona kwanza. "Huyu hapa!" Mwaka 1934, mtoto wa kiume, jina la guka. Jina la baba lilikuwa la baba yake guka, hapana shaka. Makao yalikuwa shamba ambalo shangazi alikuwa amenitajia. Karani alifurahi akataka tukapige picha ukurasa ule nje penye mwanga.

Lakini jina la mama halikuwa la shangazi. Lilikuwa jina la Biblia likifuatwa na jina la Kikikuyu ambalo katika nyumba yetu hakuna msichana aliyepewa.

Mgeni wa desturi yetu angesema karani wa zamani alikosea. Kwetu jambo hili lina maelezo. Mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Mabinti vivyo hivyo kwa nyanya zao. Mtu akiwa na wake wawili, kila nyumba huanza kuhesabu upya. Mke wa kwanza atamwita mwanawe wa kwanza jina la mkwewe, na mke wa pili naye atafanya hivyo hivyo. Kwa hiyo boma moja huwa na ndugu wawili wenye jina moja na baba mmoja, na kinachowatofautisha ni mama. Nilimpigia shangazi nikamsomea. Hakusita. "Huyo ni baba mkubwa wa nyumba ya kwanza. Alikuwa na jicho moja. Alifia Yatta. Endelea kutafuta."

Tuliendelea. Nyumba ya kwanza ilipatikana nzima: mvulana wa 1934, binti wa 1936, mvulana mwingine wa 1939. Majina yao yalinipa zaidi ya kilichoandikwa. Mvulana wa pili lazima awe amebeba jina la baba wa mke wa kwanza, na binti jina la mama wa babu yangu mkuu, baba yake guka. Kwa hiyo kutoka mistari mitatu ya wino, ukijua desturi, unapanda kizazi kizima ambacho kasisi hakukiandika wala hakuulizwa. Sijaona daftari la Uingereza linaloweza kufanya hivyo.

Nyumba ya pili haikuwamo. Guka hakuwamo, wala mdogo wake wa tumbo moja, wala mama yao. Babu mkuu mwenyewe hakuwamo kama mbatizwa, alikuwamo tu kwenye safu ya wazazi, akiwaleta watoto wa mke mmoja. Sababu yake niliijua. Maaskofu wa Kianglikana walipokutana Lambeth, London, mwaka 1888, waliamua kwamba mume mwenye wake wengi asibatizwe hadi aachane na hali hiyo. Wake wa mtu kama huyo wangeweza kupokewa, katika baadhi ya mazingira. Uamuzi huo ulilegezwa mwaka 1988, miaka 100 baadaye. Babu mkuu wa rika la Kibandi, rika lililopewa jina la kipande kwa kuwa walitahiriwa kilipokuwa kikiingia, aliishi na kufa ndani ya miaka hiyo 100. Alisimama mlangoni, mke wake wa kwanza akaingia.

Hata Cheshire daftari lina milango yake. Mwenzangu naye alifika ukurasa ambapo ukoo ulikatika: msichana wa kazi alimleta mtoto kubatizwa, na kwenye safu ya wazazi kuna jina lake peke yake. Alilia, jambo lililonishangaza wakati ule, kwa kuwa mtu aliyemlilia alikuwa amekufa karibu miaka 200. Chumbani mle Molo nilimwelewa. Kule alikosekana baba, huku amekosekana mama, na kote daftari linamjua yule ambaye kanisa lilikubali kumjua.

Kabla sijaondoka nilimwomba kasisi ruhusa ya kupiga picha daftari zima, na si ukurasa wetu tu, na nakala abaki nayo. Alikubali upesi. Uingereza walitunga kanuni ya kanisa mwaka 1978 inayotaka madaftari yaliyopita umri wa miaka 100 yahamishiwe kwenye ofisi za kumbukumbu, isipokuwa kama parishi ina mahali salama pa kuyatunza. Kwetu sheria ya nyaraka za taifa inahusu hati za serikali. Daftari la kanisa ni mali ya kanisa, na usalama wake unategemea bati la sanduku na moyo wa karani. Katika nchi hii ya Molo na Kuresoi, iliyoona nyumba zikichomwa mwaka 1992, na 1997, na tena mwisho wa 2007 hadi 2008, kadi za ubatizo zilizokuwa chini ya magodoro ziliteketea pamoja na magodoro. Kwa maelfu ya watu, mstari ule mmoja kwenye sanduku la bati ndio uliobaki. Haifai uachiwe mchwa.

Shangazi alikuwa na jambo moja zaidi. Guka, alisema, alibatizwa akiwa mtoto mkubwa, "na watu wa Karing'a, huko Olenguruone". Basi ilikuwa kwenda Kuresoi, iliko Olenguruone.

Karing'a walikuwa Wakikuyu waliojitenga na misheni baada ya ule mgogoro wa tohara ya wasichana wa 1929. Walijenga shule zao wenyewe, wakamwita kutoka Afrika Kusini Askofu Daniel William Alexander wa Kanisa la Kiorthodoksi la Waafrika, aliyefika mwishoni mwa 1935 akakaa hadi 1937 akiwafundisha na kuwaweka wakfu makasisi wa kwanza. Mwenye wake wawili kwao hakufungiwa mlango. Kwa hiyo ndugu wawili wenye jina moja, wana wa baba mmoja, waliandikwa katika vitabu viwili vya makanisa mawili. Kitabu cha mmoja nilikishika. Cha mwenzake kilikuwa Olenguruone, na Olenguruone ilibomolewa.

Barabara ya kutoka Molo kwenda huko sasa ni ya lami, inapita Keringet na kuendelea hadi Silibwet upande wa Bomet. Gari lilikuwa la viti saba, tukiwa zaidi ya saba, na mifuko ya mbegu ya viazi juu. Kila upande ni kilima, na kila kilima kimegawanywa vipande vya viazi, kabichi, njegere na malisho, mpaka juu kabisa ambako msitu wa Mau unaanza kama ukuta. Ukungu ulikuwa bado haujaamua kuondoka saa nne. Mto Amalo unaanzia nchi hizi ukaingia Mara, na kwa unyevu ule hilo halihitaji kuelezwa.

Serikali ya kikoloni ilianza kuwahamishia Wakikuyu Olenguruone mwaka 1941. Walikuwa watu wa aina mbili: waliofukuzwa kutoka nchi ya Wamaasai, Melili na kwingineko, na waliotoka mashambani mwa Wazungu ambako masharti ya uskwota yalikuwa yakizidi kukaza. Waliamini wamepewa ardhi badala ya ile iliyochukuliwa kwao Kiambu. Serikali iliwaona wapangaji. Mwaka 1942 zikaja kanuni: ekari 8 kwa familia, mazao ya kulima yaamuliwe na ofisa, na urithi wa shamba uende kwa mwana wa kwanza wa mke mkubwa. Kanuni hiyo ya mwisho niliisoma kwa mara ya kwanza chuoni, katika kitabu cha Tabitha Kanogo kuhusu skwota na mizizi ya Mau Mau, nikaipita kama mtu anavyopita mambo ya zamani. Nikiwa njiani kwenda Olenguruone niliipima kwa uzito wake. Kanisa la Molo halikuiandika nyumba ya pili, na sasa ofisa wa ardhi naye anasema nyumba ya pili haina shamba. Guka alikuwa na miaka kama minne, naye amefutwa pande zote mbili.

Watu wa Olenguruone walikataa kuzitia sahihi kanuni hizo. Walikula kiapo, na safari hii wanaume hawakuwa peke yao, wake na watoto nao walikula. Wanahistoria wanaona hapo ndipo kiapo cha umoja kilipopata sura iliyoenea baadaye katika Mau Mau. Kufikia mapema 1950 walikuwa wameondolewa wote, mazao yameharibiwa, nyumba zimebomolewa, na watu wamepelekwa Yatta, nchi kavu ya Ukambani, kutoka kwenye mojawapo ya nchi zenye mvua nyingi kuliko zote Kenya. Shule ya Karing'a na kitabu chake cha ubatizo viliondoka na upepo huo. Niliulizia katika ofisi moja na makanisa mawili mjini, nikajibiwa kwa heshima kwamba hakuna.

Aliyenisaidia alikuwa mwalimu mstaafu, mama wa Kikipsigis ambaye kasisi wa Molo alinipa namba yake. Alinipokea kwa chai na maziwa ya mursik, akasikiliza hadithi yote, akacheka kwa upole niliposema nimekuja kutafuta maandishi. Kwao, alinieleza, mtoto akizaliwa bibi humtajia majina ya wazee waliokufa, mmoja mmoja, huku akimpa ugoro puani, na jina litakalomfanya apige chafya ndilo lake. Yeye mwenyewe aliweza kutaja mababu zake na marika yao bila kusimama. "Lakini shosho yako alikuwa Mkikuyu, na sisi wengi tulikuja hapa baada ya nyinyi kuondolewa. Wa kumuuliza ni Mwogiek. Wao walikuwa hapa kabla yetu sote."

Tulikwenda kwa pikipiki mbili upande wa Tinet. Mzee alikuwa ameketi nje ya nyumba ya mabati, kofia ya sufi hadi machoni, miaka tisini na zaidi. Mwalimu alinitambulisha. Mzee alininyamazia muda mrefu, kisha akauliza kwa Kiswahili: "Umekuja kutafuta shamba?"

Swali hilo lilikuwa haki yake. Kuresoi, mtu anayetaja babu yake alikuwa akiishi wapi mara nyingi anaandaa dai, na madai ya namna hiyo yamewahi kumwaga damu. Nao Waogiek wanaufahamu uchungu wake kuliko mtu yeyote. Tume ya ardhi ya Carter ya miaka ya thelathini ilipendekeza wahamishiwe kwa jirani zao kana kwamba hawana kwao. Ilibidi waende hadi Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyowapa haki tarehe 26 Mei 2017 na kuamuru fidia tarehe 23 Juni 2022, na mpaka leo wanasubiri utekelezaji. Nilimwambia mzee ukweli: babu yangu amekufa, tumemzika Nakuru, na tunachotaka ni kujua mama yake alikuwa nani. Shamba hatuna habari nalo. Akanitazama tena. "Mama yake," akasema, na sauti ikalegea. "Basi keti."

Baba yake mzee alikuwa na mizinga katika mabonde ya huku, kila bonde la ukoo wake, na Wakikuyu wa Olenguruone walikuwa wanunuzi wakubwa wa asali, kwa pombe ya muratina na kwa mahari. Yeye, mvulana, alibeba mifuko ya ngozi. Nilimtajia jina la shangazi, halikumwambia kitu. Nilimtajia jina la babu mkuu. Alikunja uso akakumbuka boma lenye wake wawili karibu na kivuko. Nikamwambia alikuwa na mwana aliyepewa jina fulani, na mdogo wake aliyeitwa hivi.

Jina hilo la mdogo wake guka ni la Kimaasai. Sisi nyumbani tulikuwa tukilichukulia kama jina la utani alilopata machungani, na kwa kuwa alifariki Yatta kabla ya kuoa, halikurithiwa.

Mzee alilirudia mara mbili, akapiga goti lake kwa kiganja. "Yule mwanamke Mmaasai!" Akaanza kuzungumza kwa Kiogiek, haraka, na mwalimu akinitafsiria kwa shida ya kumfuata. Wakikuyu wengine, alisema, waliongea nao kwa Kiswahili cha kuokoteza na vidole. Mke wa pili wa boma lile aliongea Kimaasai, lugha ambayo Waogiek wa umri wa baba yake waliijua vizuri, na kwa hiyo asali ilipelekwa kwake kwanza. Alikuwa mrefu. Hakutoka mashamba ya Wazungu. Alikuja mwanzo kabisa, pamoja na watu wa Melili, mtoto mdogo mgongoni na ng'ombe wachache mbele, na bwana wake akaja baadaye na mke mwingine kutoka Molo.

Nilimwomba mwalimu amuulize tena hilo la mwisho. Mzee alijibu vile vile.

Nilikaa hapo nikipanga upya kila nilichokuwa nacho. Mwishoni mwa miaka ya ishirini walowezi walifagia ng'ombe wa skwota kutoka mashambani mwao. Wazee wetu wanaita msimu ule Kifagio. Wenye akili na jamaa walikuwa wakipeleka mifugo iliyobaki nchi ya Wamaasai. Mtu mwenye ng'ombe Melili na kibarua Molo alihitaji nyumba mbili, moja huku, moja kule, na iliyokuwa kule ndiyo iliyokuwa na mali. Guka hakuzaliwa Molo wala Olenguruone. Alizaliwa Melili. Hata kama kanisa la Molo lingempokea mama yake kwa mikono miwili, lisingeweza kumwandika mtu ambaye hakuwa huko. Na mdogo wake, mwana wa pili wa nyumba ya pili, kwa desturi isiyopindika, alibeba jina la babu mzaa mama. Tulikuwa na jina la baba yake shosho nyumbani kwetu miaka yote hii, tukilidhani mzaha wa wachungaji wa ng'ombe.

Kwa Wakikuyu walioishi Umaasaini, kuoana lilikuwa jambo la kawaida, kwa hiyo mzee yule mwenye jina hilo angeweza kuwa Mmaasai wa damu au Mkikuyu aliyelelewa huko akapewa jina la huko. Mwogiek aliniambia nikaulize ukoo. Wamaasai hawasahau ukoo, alisema, na jina hilo halivaliwi na kila mtu.

Kabla ya kuaga, mwalimu alimwita mjukuu wa mzee, kijana wa shule ya upili, nami nikamtumia picha ya ukurasa wa daftari la Molo aone lilivyo. Kijana alizisoma safu, akaenda akaleta daftari la hesabu lenye kurasa zilizobaki wazi, akazichora safu zile zile kwa rula. Palipokuwa na makao aliandika bonde la mizinga ya babu yake. Palipokuwa na kazi ya baba alimuuliza babu, na mzee akajibu kwa neno ambalo mwalimu hakuhitaji kunitafsiria, kwa kuwa alionyesha mzinga. Safu ya wazazi kijana aliigawa mara tatu, ili kila mke wa babu wa babu yake apate mstari.

Shangazi nilimpigia kutoka mjini Olenguruone, mtandao ukikatika na kurudi. Nilimsomea yote kwa utaratibu, nyumba ya kwanza kisha ya pili. Aliniuliza Melili iko wapi hasa, na nauli yake ni kiasi gani kutoka hapo nilipo. Asubuhi iliyofuata nilipanda gari la Silibwet, nibadilishe huko na Bomet, niende Narok, nikiwa na jina la mzee mmoja na swali la kuuliza: ni la ukoo gani.